Muhogo, Matete na Ndagala: Molekuli za Uhai Kando ya Ziwa Tanganyika

Viumbe hai vyote, kuanzia mwani wa Ziwa Tanganyika usioonekana kwa macho hadi viboko wanaotoka majini usiku kwenda malishoni katika delta ya Rusizi, vimejengwa hasa kwa elementi chache, yaani kaboni, haidrojeni, oksijeni, nitrojeni, fosforasi na salfa, ambazo hupatikana pia katika mawe, hewa na maji. Bayokemia huchunguza jinsi atomi za elementi hizo zinavyoungana kuwa molekuli za uhai, na jinsi molekuli hizo zinavyojengwa na kuvunjwa ndani ya mwili. Kajaga, eneo la ufukweni lililo magharibi ya Bujumbura kwenye njia ya Gatumba, lina mifano mizuri ya somo hili, kwa kuwa chakula cha kawaida cha huko, ambacho ni ugali wa muhogo, maharagwe, mafuta ya mawese na ndagala (samaki wadogo wa ziwani), hukusanya familia zote kuu za molekuli hizo.

Familia ya kwanza ni kabohaidreti, ambayo kiini chake ni sukari sahili kama glukosi, yenye atomi 6 za kaboni, 12 za haidrojeni na 6 za oksijeni. Wanga wa muhogo ni minyororo mirefu ya glukosi, na selulosi inayoyapa matete ya Rusizi ugumu wake nayo ni minyororo ya glukosi ileile. Tofauti iko kwenye kiungo kimoja tu: katika wanga glukosi zote huelekea upande mmoja, hivyo mnyororo hujikunja na vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, huufikia kwa urahisi, ilhali katika selulosi kila glukosi imegeuzwa kinyume cha jirani yake, hivyo minyororo hunyooka, hulala sambamba na kushikana kuwa nyuzi imara. Mate ya binadamu yana kimeng'enya cha amilesi, kinachoanza kukata wanga mdomoni, lakini mwili wa binadamu hautengenezi kimeng'enya chochote cha kukata selulosi. Kiboko naye hana, ila tumbo lake lina vyumba ambamo vijidudu huichachusha selulosi kwa niaba yake, na ndiyo maana mnyama mkubwa kiasi hicho huweza kuishi kwa nyasi.

Lipidi, yaani mafuta na jamaa zake, hujulikana kwa kutokuyeyuka katika maji. Mafuta ya mawese huganda asubuhi ya baridi kwa sababu karibu nusu ya asidi zake za mafuta ni minyororo iliyonyooka, isiyo na viungo maradufu kati ya atomi za kaboni, nayo hupangana kwa kukaribiana. Rangi yake nyekundu hutokana na karotini, molekuli ya kaboni 40 ambayo mwili huikata kupata vitamini A, inayohitajika kwa macho kuona penye mwanga hafifu. Mafuta ya ndagala yako kinyume: minyororo yake ina viungo maradufu vingi, imepinda, hubaki majimaji hata kwenye baridi, na oksijeni huishambulia upesi. Kwa hiyo kuanika samaki juani kuna faida na hasara. Maji yakiondoka, bakteria na vimeng'enya vya samaki mwenyewe hushindwa kufanya kazi, lakini mafuta huachwa wazi kwa hewa, na ndagala walioanikwa kwa muda mrefu au kuhifadhiwa vibaya hupata harufu kali ya mafuta yaliyochacha.

Protini ni minyororo ya asidi amino za aina 20, nayo kila moja hujikunja kwa umbo lake, na umbo hilo ndilo huamua kazi yake. Mpangilio wa asidi amino hizo umeandikwa katika DNA, ambayo ni asidi ya nukleiki inayotumia besi nne pekee, na kila besi tatu zinazofuatana hutaja asidi amino moja au huonyesha mahali pa kuishia. Asidi amino 9 haziwezi kutengenezwa na mwili wa binadamu, hivyo lazima zitoke katika chakula.

Hapo muhogo na ndagala hukutana kwa namna inayostahili kujulikana na kila mpishi. Muhogo mchungu una linamarini, yaani glukosi iliyoshikana na molekuli inayobeba sianidi, na kimeng'enya kinachoivunja huwekwa sehemu nyingine ya seli. Muhogo unapolowekwa au kupondwa, seli hupasuka, viwili hivyo hukutana, sianidi hutolewa, na jua huipeperusha, kwa kuwa haidrojeni sianidi huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi. Anayeuchemsha muhogo mchungu moja kwa moja huharibu kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi, na sumu hubaki chunguni. Kiasi kidogo cha sianidi kinachoingia mwilini hudhibitiwa kwa kuunganishwa na salfa, kisha hutolewa kwenye mkojo, na salfa hiyo hutoka katika asidi amino mbili, methionini na sisteini. Mahali ambapo muhogo usioandaliwa vizuri huliwa karibu peke yake, watu hupatwa na konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu kwa ghafla na kwa kudumu, ambao daktari Giovanni Trolli aliueleza mwaka 1938 kutoka Kwango, katika Kongo ya leo. Muhogo wenyewe una protini kidogo sana, na maharagwe, ingawa yana lisini nyingi, yana upungufu wa methionini. Ndagala wana lisini na methionini kwa wingi, hivyo hata wachache wanaotiwa kwenye maharagwe huuongezea mwili salfa unayoihitaji.