Kabla ya Paris, wanafunzi wa usanifu wapitie Jeddah

Wanafunzi wa usanifu majengo huota kupelekwa Paris, Roma na Barcelona kutazama majengo mashuhuri. Si vibaya. Lakini kwa anayesoma Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, kuna darasa la karibu zaidi, kando ya Bahari ya Sham.

Mji wa kale wa Jeddah, Al-Balad, uliotiwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2014, umejengwa kwa mawe ya matumbawe kama Mji Mkongwe wa Unguja. Mafundi wake walilaza mbao ndani ya kuta, tabaka kwa tabaka, ili zisipasuke. Madirisha ya mbao yaliyotokeza nje huitwa roshani, neno ambalo nasi tunalo. Huingiza upepo na kumsitiri aliye ndani.

Riyadh ni udongo. Katika mtaa wa Al-Dirah ipo ngome ya Masmak, iliyotekwa na Abdulaziz mwaka 1902. Jirani yake Rasem Badran, mzaliwa wa Jerusalem, alisanifu msikiti mkuu kwa mtindo wa Najd, akapata tuzo ya Aga Khan mwaka 1995.

Mwaka 2019 Saudi Arabia ilitangaza riali milioni 50 za kuokoa nyumba 56 za Al-Balad. Fedha hizo zinatia wivu. Unguja, Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, lilianza kumeguka mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa iliporomoka na kuua watu wawili, mafundi wakiwa wanalikarabati.