Mpangilio wa nambari: somo ambalo nyumba za Elburgon tayari zina vifaa vyake

Mtoto wa PP2 anaweza kuhesabu kwa mdomo hadi 50 bila kusita, kisha akakwama akiulizwa nambari inayofuata 29. Si kwamba ni mzito wa hesabu. Amekariri nambari kama wimbo, na hajaona bado kwamba kila baada ya tisa makumi huongezeka, na moja hadi tisa hurudi kwa utaratibu uleule.

Elimu ya chekechea ni jukumu la kaunti chini ya Katiba ya 2010, ila saa nyingi za mtoto ziko nyumbani, na lugha ya nyumbani husaidia kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Katika "kumi na moja, kumi na mbili" mtoto husikia kumi ikibaki palepale na kinachoongezwa kikikua. "Eleven" na "twelve" hazimwonyeshi hilo. Kikuyu huenda mbali zaidi: 20 ni mĩrongo ĩĩrĩ, yaani makumi mawili, na 30 ni mĩrongo ĩtatũ. Hapo Kiswahili chenyewe huficha, kwa kuwa ishirini na thelathini yalitoka Kiarabu. Basi anayehesabu viazi na mtoto kwa lugha ya mama hamcheleweshi.

Kifaa kingine kinajulikana sana katika mji huu wa mbao: magogo yaliyorundikwa, moja juu, mawili chini yake, kisha matatu. Mtoto asikaribie rundo lenyewe, maana magogo huporomoka. Vifuniko vya soda mezani vinatosha. Safu ya kwanza 1, ukiongeza ya pili jumla ni 3, kisha 6, kisha 10. Kabla ya kuongeza safu ya tano, muulize jumla itakuwa ngapi, halafu umuulize amejuaje. Swali hilo la pili ndilo lenye uzito. Anayesema 15 kabla ya kugusa kifuniko, na kueleza kwamba anaongeza 5 kwa sababu awali aliongeza 4, ameanza kufikiri kwa namna atakayoikuta baadaye katika aljebra. Akikosea, apange na ahesabu mwenyewe.

Kwa wa PP1, maharagwe mawili na punje moja ya mahindi, tena na tena, yanatosha. Akiweka kitu tofauti na ulivyotarajia, muulize kwanza kabla ya kumsahihisha. Huenda ameanzisha mpangilio wake.