Jicho la Angani na Wajibu wa Mwalimu

Muhula uliopita shule ninakofundisha iliandaa siku ya kuwatuza wanafunzi bora. Kamati, nami nikiwa mmoja wa wanakamati, ilimkodi kijana atupigie filamu kwa droni, ile ndege ndogo isiyo na rubani ndani yake. Ilivuma juu ya vichwa vya wazazi, kisha ikashuka karibu na madirisha ya bweni la wasichana. Wengi walishangilia. Nami nilishangilia, hadi mwanafunzi mmoja aliponiuliza: "Mwalimu, picha hizo zitakwenda wapi?" Sikuwa na jibu.

Kumbe sheria ilikuwa nalo. Baada ya Bunge kubatilisha kanuni za mwaka 2017, zilitungwa nyingine za mwaka 2020, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege (KCAA). Chombo sharti kisajiliwe. Anayekirusha kwa biashara sharti awe na leseni, na shughuli yake iwe na cheti. Kisipite futi 400 kutoka ardhini, wala kisiwakaribie watu au majengo chini ya mita 50 pasipo idhini. Isitoshe, Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inadai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia habari za mtoto.

Wapo wanaolalamika kwamba masharti haya yanawabana vijana wanaojitafutia riziki. Lalamiko hilo lina uzito, kwani mafunzo na vyeti ni gharama. Naunga mkono gharama hizo zipunguzwe. Lakini kupunguza gharama si kuondoa sheria. Chombo kikizimika angani huanguka, na aliye chini hana kichwa cha chuma. Picha nayo ikishasambaa hairudi.

Hata hivyo, simlaumu kijana yule peke yake. Sisi tuliomlipa hatukumwuliza leseni, wala hatukuwaomba wazazi ruhusa. Twawafunza watoto haki zao darasani, kisha twazisahau uwanjani.

Wiki iliyofuata kijana alizifuta picha za bweni mbele yetu, nami nikampelekea mwanafunzi yule jibu lake. Alishukuru kwa adabu. Mimi niliona haya, maana swali lile lilipaswa kuwa langu, tena kabla droni haijapaa.