Fahamu: Mtoto wa baba Mkenya na mama Mtanzania ni raia wa wapi?

Nyumba za namna hii zimejaa mipakani: Namanga, Holili na Sirari. Mtoto anamwamkia bibi wa Tarime "shikamoo", likizo akienda kwa babu Kisii anasalimia kwa Ekegusii. Nyumbani hakuna anayeona ajabu. Ajabu huanza kwenye makaratasi.

Kwa Katiba ya Kenya ya 2010, mtoto ni raia wa kuzaliwa iwapo mzazi mmoja tu ni Mkenya, na uraia wa pili haumpokonyi huo wa kwanza. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya 1995 nayo inamtambua kupitia mama yake, lakini akifika miaka 18 inamtaka aukane ule mwingine. Asipoukana, wa Tanzania unakoma. Na umri huohuo ndio wa kuchukua kitambulisho Kenya! Wengi hukichukua bila kujua wamekwisha kuchagua.

Tanzania imeandaa hadhi maalumu kwa wenye asili yake walio raia wa kwingine. Inarahisisha ukaaji, ila si uraia: kura hupigi.