Aliyejikwaa Asianguke

Mtu ashukaye ngazi akakosa kidato cha mwisho, mguu ukampinda, mkono ukawahi kudaka kishikio kabla mwili haujafika chini, atakwenda kwa tabibu na kifundo kilichovimba, naye akiulizwa yaliyomsibu aghalabu hujibu, "Nimeanguka," kwa kuwa maumivu hayambagui aliyeanguka na aliyeponea chupuchupu. Huko Marekani jawabu hilo, likiandikwa kama lilivyotamkwa, huipotosha khabari nzima ya ajali, maana orodha ya misimbo ya maradhi itumikayo katika hospitali za nchi ile tangu tarehe 1 Oktoba 2015 imewatenga walioteleza au kujikwaa wasianguke katika fungu lao wenyewe, nalo ni W18.4.

Asili ya orodha za namna hii ni ile ya sababu za vifo aliyoitunga Mfaransa Jacques Bertillon mwaka 1893, ambayo baadaye ilikua hata ikawa mikononi mwa Shirika la Afya Duniani. Toleo la kumi liliidhinishwa mwaka 1990, na Wamarekani wakalipanua kwa matumizi yao, na ndani ya fungu hilo la W18.4 wakamtenga pia aliyekanyaga kitu, aliyetumbukiza mguu shimoni na aliyetoka kimo kimoja kwenda kingine.

Msimbo wa W18.4 hausimami mbele kamwe. Linalotangulia ni jeraha lenyewe: kifundo cha kulia kilichoteguka, pasipo kutajwa kano gani, huandikwa S93.401A, ndipo ifuate W18.43XA, ya aliyetoka kimo kimoja kwenda kingine, kueleza sababu, na kisha msimbo wa mahali, kama vile Y92.480 kwa njia ya waendao kwa miguu kandoni mwa barabara. Herufi X haina maana yake yenyewe. Ipo kujaza nafasi ili herufi ya mwisho ikae mahali pa saba. Ama A, wengi huidhania kuwa ni ya ziara ya kwanza, ilhali ni ya muda wote ambao majeruhi angali akitibiwa jeraha lenyewe. D ni ya uangalizi wakati wa kupona, na S ni ya athari zilizosalia baadaye.

Karani wa misimbo, hata awe hodari namna gani, hana ruhusa ya kukisia. Akikuta "ameanguka ngazini" ataelekea fungu la W10, la walioanguka ngazini, na hatakuwa na kosa; kosa litakuwa la aliyeandika pasipo kuuliza. Shirika la Afya Duniani hulieleza anguko kuwa ni tukio la mtu kujikuta, bila kukusudia, ardhini, sakafuni au mahali pengine pa chini, na kwa hiyo swali moja latosha: je, ulifika chini? Tabibu akiandika kwamba mgonjwa alikosa kidato, mguu wa kulia ukapinda, akashika kishikio, hakufika chini wala hakugonga kichwa, karani hana la kumrudia.

Najua wako wasemao kwamba huu ni udhia wa makaratasi, nao wana hoja, kwa kuwa hakuna sharti la taifa zima linalolazimisha misimbo ya sababu za nje, ila pale jimbo au mlipaji anapoitaka. Hata hivyo mimi naona khabari ya kujikwaa ina thamani kubwa kuliko inavyopewa, khasa kwa wazee. Mzee ajikwaaye mara kwa mara na kila mara akajishika huenda ana macho yaliyofifia, au dawa ya shinikizo la damu imtiayo kizunguzungu asimamapo, au kisukari kilichokwisha kuharibu mishipa ya fahamu ya nyayo. Yeye mwenyewe husema hakuna kitu, kwani hakuanguka. Yakiandikwa barabara yote hayo, pamoja na mahali na kitu kilichomkwaza, tabibu hupata sababu ya kumpima macho, kuzikagua dawa zake na kuzigusa nyayo zake kujua kama zina hisi, ilhali nyonga yake ingali nzima.