Kampuni na Sauti Zisizo na Jina (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulizungumzia sifa ambayo kampuni hujijengea yenyewe kwa matangazo na mikataba. Leo tuwasikilize wanaoijua kutoka ndani: wafanyakazi wenye uchungu, wanaosema kwenye simu bila kujitaja.

Nchini Kongo desturi hii ni kongwe kuliko simu. Ilianzia kwenye majina ya kupanga ambayo watu waliwapa wazungu: mpelelezi Stanley aliitwa Bula Matari, mvunja miamba, na jina hilo likaja kuwa jina la serikali nzima ya kikoloni. Mwanahistoria Osumaka Likaka, katika kitabu alichokitoa mwaka 2009, ameonyesha kwamba majina ambayo Wakongo waliwapa wazungu wa dola na wa makampuni yalibeba hukumu. Yalitaja fimbo, ukali, ulaji wa jasho la watu, na mara nyingi mwenye kuitwa hakuelewa anaambiwa nini. Mwaka 1965 mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, André Yav aliandika historia ya mji ule kwa Kiswahili cha huko, kwa niaba ya watu waliokuwa wametumika katika nyumba za wazungu, na majina hayo yamo humo. Nani aliyetunga kila moja? Hajulikani, na ndiyo maana hakuna aliyeweza kumfunga.

Waliosema hadharani walilipa. Desemba 1941 wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière waligoma wakidai nyongeza ya mshahara, na tarehe 9 askari wakawafyatulia risasi pale Elisabethville. Walikufa makumi ya watu. Baada ya hapo, ni nani wa kumlaumu baba aliyemwonya mwanawe asitaje jina lake anapolalamika?

Sisi wa Kamina ni watoto wa reli. Njia ya kampuni ya reli ya BCK kutoka Bukama hadi Ilebo ilikamilika mwaka 1928, na Kamina ikakua kwa treni, karakana na mishahara ya treni. Shirika lililorithi njia hizo, SNCC, limejulikana nchi nzima kwa malimbikizo ya mishahara, na madeni hayo tunayajua majumbani mwetu: ada ya shule inayongoja, mzee aliyestaafu asipate haki yake. Ujumbe wa sauti unapozunguka WhatsApp ukisema miezi fulani haijalipwa, msikilizaji wa hapa haulizi msemaji ni nani. Anaulinganisha na jiko la jirani yake.

Hapo ndipo sifa inapoharibika, na huharibika kupitia watu wenye hesabu zao. Mfanyabiashara wa mahindi husikia kwamba mafundi hawajalipwa, akaogopa mzigo wake kulala njiani, akautafutia lori. Muuza vipuri hudai fedha taslimu kabla ya kutoa kitu. Kijana mwenye diploma nzuri huenda kwenye migodi ya Kolwezi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeichukia kampuni, kila mmoja amejikinga tu, lakini jumla yake ni hasara ambayo tangazo la redioni haliwezi kuifuta.

Na Kolwezi nayo ina somo. Novemba 2021 shirika la Uingereza la RAID, pamoja na CAJJ la Kongo, lilitoa ripoti juu ya migodi mitano mikubwa ya kobalti na shaba. Wafanyakazi zaidi ya 130 walihojiwa, wengi wao wakiwa wameajiriwa kupitia kampuni za kati. Walieleza ujira mdogo, kudharauliwa na kukosa matibabu ya maana, na majina yao yalifichwa. Maneno ya watu wasiotajwa yakafika kwa watengenezaji wa magari ya umeme, ambao hawakupenda chapa zao zitajwe pamoja na mambo hayo.

Wakubwa wengi hukimbilia kumsaka msemaji. Mwaka 2022 kampuni ya vitu vya kuchezea ya New Zealand, Zuru, ilipata amri ya mahakama ya California kuilazimisha Glassdoor, tovuti ambako wafanyakazi huandika habari za waajiri wao, itoe taarifa za walioilalamikia. Amri ilipatikana, lakini malalamiko yaliyokuwa yamesomwa na wachache yakatangazwa na magazeti ya nchi nyingi.

Sisemi kila sauti iliyojificha ni ya kweli. Msimamizi anaweza kuitwa mwizi na mtu aliyekosa cheo, akakosa hata mtu wa kumjibu, na huo ni udhalimu. Mimi hupima hivi: malalamiko yanataja mwezi, karakana na kiasi cha fedha, au yanatukana tu? Je, watu wasiojuana wamesema jambo lilelile? Lalamiko linalotaja mambo hayo linaweza kuchunguzwa, na kampuni ikilichunguza haina haja ya kujua jina.

Sheria ya kazi ya Kongo ya Oktoba 2002 imeweka wajumbe wa wafanyakazi wanaochaguliwa, na mkaguzi wa kazi. Kampuni inayotaka kupunguza minong'ono ianze nao: kila mwezi ibandike ukutani mwa stesheni ni mwezi upi umelipwa, upi bado, na utalipwa lini, na mjumbe aliyechaguliwa atie sahihi chini yake. Atakayesema uongo kwenye simu atakuwa na karatasi ya kumkanusha. Kampuni ikiogopa kuibandika karatasi hiyo, wafanyakazi wataendelea kuisoma kwa sauti zao wenyewe.

Itaendelea juma lijalo: mkaguzi wa kazi na mamlaka yake.