Presha ya Damu Mapafuni

Napenda kuwaeleza juu ya ugonjwa unaojificha. Mtu hutweta akipanda ngazi, nasi twamwita mvivu; akipimwa presha mkononi, yaonekana sawa. Kumbe presha imezidi mapafuni, na upande wa kulia wa moyo wachoka kusukuma damu. Picha za moyo huonyesha dalili tu. Ili kuhakikisha, daktari hupitisha mrija mwembamba katika mshipa wa shingo au wa paja hata moyoni, kisha katika mshipa uendao mapafuni. Wastani ukizidi milimita 20 za zebaki, naye mgonjwa ametulia, ugonjwa upo. Mwaka 1929 Werner Forssmann, daktari Mjerumani, alijitia mrija mkononi mwake mwenyewe ukafika moyoni. Mwaka 1956 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Cournand na Richards. Basi, tusimcheke atwetaye, tumpeleke hospitali.